MP3 yako ya kwanza: usinunue kwa macho, nunua kwa masikio

Leo hatuongelei malaria, wala hatuongelei mambo ya mapenzi. Leo tunaongelea muziki. Ndiyo, muziki! Na kile kidude kidogo cha mfukoni ambacho watu wengi hukiita MP3 tu.

Unashangaa? Gazeti la afya na MP3 wapi na wapi? Subiri kidogo. Ukifika mwisho utaona kwamba kuchagua MP3 ni jambo la afya, kama vile kuchagua maji ya kunywa.

Naanza na kisa changu mwenyewe.

Mwaka 2008 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Nilikusanya hela zangu za kuuza mayai, nikanunua MP3 ya kwanza maishani mwangu, ya GB 2. Siku ya pili yake nikapanda basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya kwa bibi. Safari hiyo inakula kutwa nzima. Nilikaa siti ya nyuma kabisa, karibu na injini. Kila injini ilipounguruma, nilipandisha sauti. Tulipofika Mikumi nilikuwa nimeshafika mwisho, hakuna pa kupandisha tena. Nikaiacha hapohapo hadi Mbeya. Raha tupu!

Usiku nikalala kwa bibi. Kijiji kizima kimya, lakini masikioni mwangu kuna mlio: siiiiii. Asubuhi nikamwuliza bibi, "Hivi nyenje wa huku hawalali?"

Bibi akanitazama. "Nyenje gani, mjukuu wangu?"

Sikio la kulia lilinyamaza baada ya siku mbili. La kushoto halijanyamaza hadi leo. Mchana silisikii, kwa sababu kuna kelele za watu na magari. Usiku nikizima taa, nyenje wangu anaanza kazi.

Sasa mwaka huu mdogo wangu wa kidato cha tatu akanijia. "Kaka, nimeweka akiba yangu. Nipeleke Kariakoo nikanunue MP3." Nikamwambia, "Twende. Lakini maswali dukani nauliza mimi." Haya unayosoma ndiyo niliyomweleza njiani, na ndiyo maswali niliyouliza.

SIKIO HALINA SPEA

Kabla ya kuongelea kidude, tuongelee sikio lenyewe. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Inaingia kwenye tundu la sikio na kutikisa kiwambo, yaani ile ngozi nyembamba iliyotandazwa kama ngoma. Kiwambo kinatikisa vifupa vitatu vidogo sana. Vifupa hivyo vinapeleka mtikisiko ndani zaidi, kwenye sehemu iliyojikunja kama konokono na iliyojaa majimaji.

Humo ndani ya konokono ndimo kuna mali yenyewe. Kuna seli ndogo zenye vinyweleo, kama 15,000 hivi katika kila sikio. Majimaji yakitikisika, vinyweleo vinainama, na seli zinatuma habari kwenye ubongo kupitia mshipa wa fahamu. Ubongo unasema, "Aa, huo ni wimbo!"

Fikiria shamba la mpunga. Upepo mdogo ukipita, mpunga unainama kisha unasimama tena. Upepo mkali ukipita mara moja, mpunga unalala, lakini baada ya muda unaweza kuinuka. Ila dhoruba ikipiga kila siku, mpunga unavunjika. Seli za sikio ni hivyohivyo. Tofauti ni moja: mpunga utapanda mwingine mwakani. Seli hizi kwa binadamu zikifa hazioti tena. Hakuna dawa ya kunywa, hakuna tone la kuweka, hakuna mganga wa kuzirudisha.

Ubaya mwingine ni kwamba haziumi zinapokufa. Ungeunguza kidole ungeruka papo hapo. Sikio linaungua huku wewe unacheza muziki na kutabasamu.

Kwa kawaida seli zinazotangulia kufa ni zile za sauti nyembamba. Ndiyo maana mtu aliyeharibiwa na kelele hawi kiziwi ghafla. Anasikia kabisa kwamba mwalimu anaongea, ila hashiki vizuri sauti kama "s", "f" na "t". Maneno yanamchanganya. Anaanza kusema, "Mwalimu huyu anamung'unya maneno!" Kumbe mwalimu hana kosa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa makadirio mwaka 2022 kwamba vijana zaidi ya bilioni 1 duniani, wenye umri wa miaka 12 hadi 35, wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza muziki na burudani kwa sauti kubwa mno. Hao si wazee wenye mvi. Ni mimi na wewe.

SAUTI KUBWA KIASI GANI, NA KWA MUDA GANI?

Ukali wa sauti hupimwa kwa desibeli. Watu wawili wakiongea kawaida ni kama desibeli 60. MP3 nyingi zikifunguliwa hadi mwisho zinaweza kuvuka desibeli 100.

Sasa sikia hesabu hii, maana wengi hawaijui. Desibeli 3 zikiongezeka, nguvu ya sauti inayoingia sikioni inakuwa mara mbili. Kwa hiyo muda salama unakatwa nusu. WHO wanasema mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa watoto wanashusha hadi desibeli 75 kwa saa hizohizo 40. Wewe wa sekondari shika hii ya pili, ili uwe upande salama. Hesabu inakwenda hivi:

– Desibeli 75: saa 40 kwa wiki
– Desibeli 78: saa 20
– Desibeli 81: saa 10
– Desibeli 84: saa 5
– Desibeli 87: saa 2 na nusu
– Desibeli 90: saa 1 na dakika 15
– Desibeli 96: dakika kama 19 tu

Umeona? Ukisikiliza kwa sauti ya chini, una saa 40 za muziki kila wiki. Ukifungua hadi mwisho, hata dakika 19 hazifiki na umeshamaliza mgao wa wiki nzima. Kwa hiyo anayependa muziki kweli ndiye anayepaswa kushusha sauti!

Hapa ndipo linapokuja jambo kuu la makala hii. MP3 nzuri si ile inayopiga kelele zaidi kuliko nyingine. MP3 nzuri ni ile inayokupa raha kamili ikiwa kwenye sauti ndogo. Likariri hilo, halafu twende dukani.

KWANZA, JE, UNAIHITAJI?

Swali hili wauzaji hawakuulizi. Kama tayari una simu, hata kile kitochi chenye vitufe na mahali pa kuweka memori kadi, basi una kidude cha muziki mkononi. Usiibe hela yako mwenyewe.

Hata hivyo, MP3 ina faida zake. Haili bando. Haiiti. Haileti meseji wakati unasoma. Betri ya simu inabaki kwa ajili ya simu. Na kama mzazi hataki uwe na simu bado, MP3 ni rahisi kumwelewesha. Ila ujue shule nyingi, hasa za bweni, zinakataza vyombo vya aina hii. Uliza kwanza. Usinunue kitu ambacho kitaishia kabatini kwa mwalimu wa nidhamu.

Tena usijione umechelewa au umepitwa. Jina la ".mp3" lilichaguliwa mwaka 1995 na wataalamu wa taasisi ya Fraunhofer, Ujerumani. Vidude vya kwanza vya mfukoni viliingia madukani mwaka 1998, na vilibeba MB 32 tu, yaani nyimbo chache kuliko kaseti. iPod ilitangazwa Marekani mwaka 2001. Mwaka 2022 kampuni yake ya Apple ilitangaza kuacha kuitengeneza, kwa sababu simu zilikuwa zimechukua nafasi yake. Lakini MP3 hazikufa. Kampuni nyingine bado zinazitengeneza, za bei kubwa na za bei ndogo.

MASWALI YA DUKANI

Tulipoingia kwenye duka la kwanza, muuzaji alituwahi mlangoni. "Karibuni sana! Dogo, njoo uone hii. GB 512, bei chee!" Mdogo wangu macho yakamtoka. Mimi nikavuta pumzi.

1. Inabeba nyimbo ngapi kweli?

Usitishwe na namba, piga hesabu. Wimbo wa MP3 uliobanwa kwa kiwango cha kawaida cha 128 unakula kama MB 1 kwa kila dakika. Wimbo wa dakika 4 ni MB 4. Kwa hiyo GB 8 zinabeba nyimbo kama 2,000. Hebu niambie, unazo nyimbo 2,000 unazozipenda? Kwa mtu anayeanza, GB 8 au 16 zinatosha na kubaki.

Na hizi GB 512 za bei chee? Hapo kuwa macho. Kuna kadi na vidude vilivyochezewa ili viidanganye kompyuta. Ndani kuna GB 4 au 8, lakini vinajitangaza kuwa na mamia. Unaingiza nyimbo, zinaingia vizuri. Ukishapita kiasi cha kweli, mpya zinafuta za zamani, au zinaonekana majina tu na hazipigi. Dawa yake ni hii: ijaze kabisa, halafu jaribu kupiga wimbo wa kwanza, wa katikati na wa mwisho. Kama mna kompyuta ya Windows, kuna programu ya bure iitwayo H2testw inayopima ukweli wa kadi. Fanya hivyo mapema, risiti ikiwa bado mkononi. Na kama muuzaji hataki kutoa risiti, huo peke yake ni ujumbe.

2. Sauti inapanda kwa hatua ngapi?

Swali hili ndilo la afya hasa. Washa kidude, weka eafoni, anza kutoka sifuri, kisha bonyeza mara moja moja. Kidude kizuri kinapanda taratibu, hatua nyingi ndogondogo. Kibaya kina hatua chache kubwa: hatua ya tatu husikii kitu, ya nne inakupasua kichwa. Ukiwa na kidude cha namna hiyo utajikuta kila siku unasikiliza kwa sauti kubwa kuliko ulivyotaka, kwa sababu hakuna pa katikati.

Halafu tafuta kwenye mipangilio kama kuna mahali pa kufunga kiwango cha juu, ili sauti isivuke hapo hata ukibonyeza kwa bahati mbaya mfukoni. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2013 vidude vipya vinatakiwa kusimama kwenye desibeli 85 na kutoa onyo kabla mtu hajapandisha zaidi. Kwa hiyo ukiwasha kidude kikatoa onyo la namna hiyo, usikasirike. Kimetengenezwa na watu waliofikiria masikio yako.

3. Je, tundu la eafoni ni la kawaida?

Tundu la kawaida ni la milimita 3.5, lile la duara. Likiwa la kawaida unaweza kutupa eafoni mbovu zinazokuja na boksi na kuweka nzuri. Likiwa la ajabuajabu umefungwa. Kama kina Bluetooth, vizuri, lakini kwa anayeanza si lazima, na inakula betri.

4. Vitufe vinabonyezeka bila kutazama?

Kifumbe machoni. Je, unaweza kushusha sauti na kusimamisha wimbo kwa kidole tu, kidude kikiwa mfukoni? Kioo kikubwa cha rangi kinapendeza, lakini ukilazimika kukitoa mfukoni kituo cha daladala kila wimbo ukibadilika, kuna siku mwingine atakitoa kwa niaba yako.

5. Betri inakaa muda gani, na inachajiwa kwa waya gani?

Chagua kinachotumia waya uleule wa simu za nyumbani kwenu, ili usihangaike ukipotea. Uliza betri inakaa saa ngapi, kisha usiamini sana jibu. Ukiona kidude kimevimba mgongoni, au kinapata moto mkali kikichajiwa, usikinunue. Kama ni chako tayari, acha kukitumia. Betri iliyovimba inaweza kuwaka moto. Na usichaji kikiwa chini ya mto.

6. Kinasoma mafaili ya aina gani?

Kila kidude kinasoma MP3. Vingine vinasoma pia AAC na FLAC. Kwa kuanzia, MP3 inatosha. Unajua inavyofanya kazi? Inatupa sauti ambazo sikio lako lisingezisikia hata hivyo. Mashine ya kusaga ikinguruma jirani, mbu akipita sikioni humsikii, si ndiyo? Basi MP3 inamwondoa mbu na kubaki na mashine. Ndiyo sababu faili linakuwa dogo.

Lakini likibanwa kupita kiasi, wimbo unapauka, sauti nyembamba zinapotea, na wewe unapandisha sauti ukizitafuta. Kwa hiyo kama una nafasi, weka nyimbo zilizobanwa kwa 192 au hata 320. Wimbo wa dakika 4 wa 320 ni karibu MB 10, na GB 8 zitabeba kama 800. Bado ni nyingi!

Kama unatumia memori kadi, soma karatasi ya maelezo kabla hujanunua kadi kubwa. Vidude vingi vya bei nafuu havisomi kadi zinazozidi GB 32.

HELA YA EAFONI USIIFANYIE UBAHILI

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunamaliza hela yote kwenye kidude, halafu eafoni tunaokota za mtaani. Ukweli ni kwamba kidude cha kawaida chenye eafoni nzuri kinashinda kidude cha gharama chenye eafoni mbovu. Tenga sehemu ya hela yako tangu mwanzo.

Ziko za aina tatu:

Za kuning'inia mlangoni mwa sikio. Haziingii ndani, hazizibi. Kelele za nje zinaingia zote, kwa hiyo kwenye basi utapandisha sauti tu. Hizo ndizo zilizoniponza mimi.

Za kuziba, zenye kimpira laini. Zinaingia kidogo kwenye tundu na kuzuia kelele za nje. Huja na vimpira vya saizi tofauti. Jaribu mpaka upate kinachokaa bila kuuma na bila kudondoka. Kikikaa sawasawa, besi inarudi yenyewe na sauti ndogo inatosha.

Hedifoni za kufunika sikio zima. Nyumbani ni nzuri sana. Ila ni kubwa, na zinatoa jasho kwenye joto.

Kwa anayeanza, za kuziba zinafaa zaidi. Lakini zina sharti moja kubwa, tena la uhai: barabarani zivue. Anayeziba masikio hasikii honi ya bodaboda wala gari linalorudi nyuma. Kuvuka barabara na eafoni ni kamari, na wimbo mmoja hauwezi kuwa na thamani hiyo.

Na usafi je? Vimpira vinashika nta na jasho. Vitoe, vioshe kwa maji na sabuni kidogo, vikauke kabisa ndipo uvirudishe. Ukimwazima rafiki, vifute kwanza, na akirudisha vifute tena. Kama sikio linauma au linatoa usaha, usiweke eafoni kabisa, nenda zahanati. Usichokonoe sikio kwa njiti wala pamba ya kijiti. Unaisukuma nta ndani zaidi.

KIJIWENI WANASEMA...

"Sikio linazoea kelele." Si kweli. Ukiona kelele iliyokuwa inakusumbua sasa haikusumbui, huenda sikio limeanza kupungua nguvu.

"Mimi bado kijana, nitapona." Mlio wa siku moja unaweza kuondoka, ndiyo. Lakini kila mlio ni taarifa kwamba seli zimechoshwa, na hazihesabu umri wako. Mimi nilikuwa kijana kuliko baadhi yenu.

"Nasikiliza upande mmoja tu, kwa hiyo niko salama." Hapana. Wengi wakisikiliza upande mmoja hupandisha sauti zaidi. Sikio hilo moja linabeba mzigo wa mawili.

"Nikilala na muziki hauna madhara, maana nimelala." Wewe umelala, sikio halijalala. Saa zote hizo zinahesabiwa kwenye mgao wa wiki. Kama huwezi kulala bila muziki, chagua kidude chenye saa ya kujizima, uiweke dakika 20 au 30.

JIPIME MWENYEWE

Kidude cha bei nafuu hakikuonyeshi desibeli. Usijali, una vipimo vinne vya bure:

1. Usivuke asilimia 60 ya sauti yote. Kama hatua ni 30, mwisho wako ni 18.

2. Mwombe rafiki asimame umbali wa mkono ulionyooshwa na aongee kawaida. Kama humsikii kabisa, punguza.

3. Chagua kiwango cha sauti ukiwa mahali pa kimya, halafu usikiguse ukiingia kwenye daladala. Kama muziki umezidiwa na kelele za gari, zima. Zungumza na jirani, au soma.

4. Pumzisha masikio. Baada ya saa moja ya muziki, dakika 10 za kimya.

DALILI ZA KUKIMBILIA HOSPITALI

Nenda ukapimwe ukiona mojawapo ya haya: mlio masikioni unaozidi siku mbili, sauti za watu zinasikika kama zimefunikwa na blanketi, unaomba watu warudie maneno kila mara, au redio ya nyumbani kila mtu analalamika kwamba umefungua sana. Anza kituo cha afya cha karibu. Wao watakuelekeza kwenye hospitali yenye kitengo cha masikio, pua na koo, ambako kuna vipimo vya usikivu. Na ukiamka sikio moja halisikii kabisa, usisubiri hata siku moja. Hiyo ni dharura, na matibabu yakiwahi kuna nafasi ya kupona.

Mimi nilichelewa. Nilikwenda baada ya mwaka. Daktari alinipima, akanionyesha mstari wa usikivu wangu kwenye karatasi, ukiwa umetumbukia shimoni upande wa sauti nyembamba. Nikamwuliza, "Dokta, dawa yake?" Akasema, "Dawa ni kutunza kilichobaki." Tangu siku hiyo natunza kilichobaki.

TULINUNUA NINI?

Ile ya GB 512 tuliiacha palepale. Duka la tatu tulipata ndogo ya GB 16, haina mbwembwe, vitufe vitano, sauti inapanda hatua kwa hatua, na ina mahali pa kufunga kiwango cha juu. Tulikifunga hapohapo mbele ya muuzaji. Hela iliyobaki tukanunua eafoni za kuziba zenye vimpira vya saizi tatu. Risiti mfukoni.

Kwenye daladala mdogo wangu aliweka eafoni moja kwa moja. Baada ya vituo viwili akazitoa. "Kaka, kelele za humu zimezidi. Nitasikiliza nyumbani." Nilitaka kumkumbatia mbele za watu!

Usiku ule, taa zilipozimwa, nilimwuliza toka kitandani kwangu, "Dogo, unasikia nini?"

Akakaa kidogo. "Sisikii kitu, kaka. Kimya tu."

"Basi," nikamwambia, "hicho kimya ndicho mali yako. Kitunze."

Na wewe, rafiki msomaji, leo usiku kabla hujalala jaribu hivyohivyo. Zima kila kitu, usikilize. Ukisikia kimya, hongera, bado unacho. Ukisikia nyenje ambaye wenzako hawamsikii, usinyamaze naye. Shusha sauti kuanzia kesho, na mwambie mzazi au mlezi akupeleke ukapimwe.

Muziki ni mtamu. Usikilize leo, usikilize na uzeeni. Poa?